Nitamwambiaje mkubwa kwamba dakika zake zimekwisha?

SWALI

Mama Mshauri, nakusalimu kwa heshima kutoka Lubumbashi.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika chuo kimoja cha hapa mjini. Tangu mwaka jana nimo katika kamati inayochagua wasemaji wa alasiri ya hotuba fupi, ambayo wanafunzi wa kitivo chetu huiandaa kwa ajili ya watu wote wa mji. Tuliiga mfano wa hotuba za TED, ile mikutano ya Kimarekani ya hotuba fupi, ambazo wengi wetu tumezitazama kwenye simu: kwetu kila msemaji hupewa dakika 12, husimama bila meza mbele yake, hueleza wazo moja, kisha humpisha mwenzake. Mimi mwenyewe sikusema jukwaani. Kazi yangu ilikuwa kusoma maombi, kuwaendea watu, kusikiliza mazoezi, kupanga nani amtangulie nani, na siku yenyewe kukaa safu ya mbele nikiwa na karatasi zinazoonyesha dakika zilizobaki.

Nimejifunza mengi katika kazi hiyo, na baadhi yake yamenitia uchungu. Kwanza niligundua kwamba hodari wa kuomba nafasi si lazima awe hodari wa kusema. Maombi mengi yaliyotufikia yalitoka kwa watu waliozoea kualikwa, nayo yalifanana kama yameandikwa na mkono mmoja: uongozi bora, ujasiriamali, vijana na mustakabali wa taifa. Mtu niliyempenda kuliko wote hakuomba chochote. Ni mama anayeuza makala, yaani mkaa, mtaani Katuba, ambaye siku moja, akinipimia makala ya nyumbani, alinieleza jinsi bei ya gunia inavyopanda kutoka kwa mchomaji aliyeko porini, kwa mwenye baiskeli, kwa mwenye lori, hadi kwenye mafungu madogo anayoyauza yeye, na jinsi wachomaji wanavyolazimika kwenda mbali zaidi na mji kila mwaka kwa sababu miti ya karibu imekwisha. Alihesabu kwa vidole vyake vyeusi huku akicheka, wala hakutafuta neno hata moja.

Niliwashawishi wenzangu tumwalike, wakakubali. Lakini wengi wao walishikilia kwamba hotuba yake iandikwe kwa Kifaransa, kwa kuwa ukumbi ni wa chuo na video itatazamwa na watu wa mbali. Nilipinga, nikashindwa kwa kura. Aliandikiwa maneno mazuri, akayakariri kwa uvumilivu, na siku ya tukio akayatoa kama mtoto aliyesimamishwa mbele ya darasa, mikono imeganda ubavuni, mpaka alipofika katikati akasahau, akanyamaza. Watu walimpigia makofi ya huruma. Tangu siku hiyo, nikipita kwenye kibanda chake hunisalimu vizuri, lakini habari za gunia hazitaji tena.

Jambo la pili ndilo linaloninyima usingizi. Uongozi wa kitivo ulituomba tumpe nafasi mwalimu mmoja mkubwa, aliyewafundisha wengi na anayeheshimiwa na wote. Tulimwandikia kwamba ana dakika 12, akajibu kwamba ameelewa. Kwenye mazoezi hakufika. Siku yenyewe nilipoinua karatasi ya dakika mbili alinitazama, akaendelea. Nilipoinua ile ya mwisho aliisoma kwa sauti, ukumbi mzima ukacheka, naye akaendelea hadi akapita nusu saa. Nyuma ya pazia alikuwa akingoja msichana wa mwaka wa pili, msemaji wetu wa mwisho, aliyetaka kueleza jinsi anavyowafundisha hesabu watoto viziwi wa mtaa wao. Alipewa dakika tano tu, kwa sababu umeme ulikuwa umekatika tangu mchana na mwenye jenereta alikwisha kutuonya kuhusu mafuta. Alisema haraka haraka, akashuka, akaenda nyumbani bila kuaga.

Katika kikao cha tathmini baadhi ya wenzangu walisema ningemkatia mwalimu kipaza sauti. Wengine walisema kumkata mzee ni utovu wa adabu ambao ungetugharimu mwaka mzima wa masomo. Mmoja alinikumbusha kwamba hotuba maarufu kuliko zote katika historia ya nchi yetu, ile ya waziri mkuu Patrice Lumumba ya siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, haikuwa hata kwenye ratiba, na kwamba ratiba hutungwa na watu wadogo. Sikupata jibu la kumpa.

La tatu ni la fedha. Mfanyabiashara aliyetulipia viti na vyombo vya sauti ametuma ujumbe kwamba mwakani atatoa mara mbili zaidi, naye ataomba “dakika chache” za kuzungumzia kampuni yake. Wakati huohuo mratibu wetu amemaliza masomo, na kamati inanitaka mimi niongoze uteuzi wa wasemaji. Baba anasema kazi hii haina cheti wala mshahara, tena mwaka huu ninaandika kazi yangu ya kumaliza masomo.

Naomba unishauri, Mama. Je, nikubali? Na nikikubali, nitamwambiaje mtu aliyenizidi umri, elimu na mali kwamba dakika zake zimekwisha, au kwamba nafasi yake haipo kabisa, bila kuonekana mtoto asiye na malezi?

Mwanafunzi, Lubumbashi

JIBU

Mwanangu,

Nitaanza na mwalimu, kwa kuwa naona ndiye aliyekufanya ushike kalamu. Wenzako wanabishana kama ulipaswa kumkatia kipaza sauti au la, na kwa maoni yangu ubishi huo umeanza mahali ambapo mambo yalikwisha kuharibika. Mtu mzima akishapanda jukwaani mbele ya wanafunzi wake, akiwa na kipaza sauti mkononi na ukumbi unaomcheka kwa upendo, hakuna njia ya heshima ya kumshusha. Ukimkata, ukumbi utakuwa upande wake. Ukimwacha, msichana aliyeko nyuma ya pazia ndiye atakayelipa. Ulipewa karatasi uinue, na karatasi ikiinuliwa na mwanafunzi kwa mwalimu wake huonekana kama mtoto anamwamuru mzee. Ndiyo maana aliigeuza kichekesho, na ndiyo maana kila mtu alifurahi isipokuwa wewe.

Kipimo cha dakika kinafaa tu kikiwa kimemtangulia mgeni. Hao TED mliowaiga walianza mwaka 1984 mjini Monterey, California, na tangu 1990 wamekuwa wakikutana kila mwaka. Hotuba zilianza kuwekwa bure mtandaoni mwaka 2006. Kinachojulikana zaidi katika utaratibu wao ni kikomo cha dakika 18. Kikomo hicho humkuta mwanafunzi na humkuta mkubwa. Al Gore, aliyekuwa makamu wa rais wa Marekani, alisimama pale mwaka 2006 na hotuba yake haikufika dakika hizo. Mtu wa hadhi yake haoni aibu kubanwa na saa kwa sababu anajua kwamba aliyemtangulia amebanwa na anayemfuata atabanwa. Aibu huja pale mtu anapohisi kwamba sheria imetungwa kwa ajili yake peke yake, au kwamba imetungwa lakini wakubwa husamehewa. Mwalimu wenu alijibu kwamba ameelewa, nami naamini aliyoyaelewa ni haya ya pili, kwa kuwa katika shughuli nyingi za mji huu ndivyo ilivyo: kwenye kadi imeandikwa saa nane, watu hufika saa kumi, na maneno ya mkubwa huisha anapotaka yeye.

Kwa hiyo mwakani kazi ya kumwambia mkubwa ifanyike mapema, mlango ukiwa umefungwa, na ifanywe na mkubwa mwenzake. Mtafuteni profesa au mkuu wa idara mmoja anayeipenda shughuli yenu, awe mlezi wa kamati, na barua zote za mwaliko zitoke kwake. Katika barua hiyo, yawekeni mambo mawili bila kuzungukazunguka: muda ni dakika 12 kwa kila msemaji, na asiyefika kwenye mazoezi ya mwisho hapandi jukwaani. Hilo la pili ndilo lenye nguvu. Mkubwa asiye na nafasi ya mazoezi mnamwandalia heshima nyingine, ya kuufungua mkutano kwa salamu za dakika tatu, akiwa amesimama pembeni ya mshereheshaji ambaye kipaza sauti hakimtoki mkononi. Ulizia watu wa protokole wanaoendesha harusi hapa Lubumbashi watakueleza siri hiyo: mzee anayeletewa kipaza sauti mdomoni husema machache, na anayekabidhiwa hukaa nacho.

Hata mpangilio wa wasemaji unaweza kumlinda aliye dhaifu. Msimweke msichana wa mwaka wa pili mwishoni, mahali ambapo kila dakika iliyoibwa tangu mchana huja kudaiwa. Mwekeni wa pili au wa tatu, watu wakiwa bado na masikio mapya na jenereta ikiwa na mafuta. Mwishoni mwekeni mtu mzoefu ambaye, akiambiwa zimebaki dakika saba, ataziitikia bila jasho. Na zile karatasi zitupeni. Saa kubwa inayorudi nyuma kwenye skrini ya kompyuta, imewekwa chini mbele ya jukwaa ambapo msemaji anaiona na safu za mbele zinaiona, hufanya kazi ambayo mwanafunzi hawezi kuifanya, maana hakuna anayeweza kusema kwamba kompyuta haina adabu.

Sasa huyo rafiki yako wa Lumumba. Anasema kweli kwamba waziri mkuu hakuwa kwenye ratiba siku ile. Waliopangiwa ni mfalme Baudouin wa Ubelgiji na rais Kasa-Vubu. Lakini anasahau kwamba Lumumba alisimama na maandishi yake mkononi, akiwa na jambo ambalo hakuna msemaji mwingine aliyekuwa amelisema mahali pale, na wasikilizaji wengi walikuwa na kiu ya kulisikia. Mtu wa namna hiyo akitokea katika ukumbi wenu, nami nitakuwa wa kwanza kukuambia uifunge saa. Mwalimu aliyerefusha somo lake la kila mwaka yuko mbali sana na hayo.

Ninachokuomba ukishike, kuhusu mwalimu na kuhusu yote mengine uliyoyaandika, ni kwamba anayechagua wasemaji ni wakili wa wasikilizaji. Msemaji ana watu wake, mfadhili ana fedha zake, kitivo kina mihuri yake. Yule mtu aliyetoka Ruashi kwa basi, akalipa nauli, akaketi kwenye kiti cha plastiki alasiri nzima, hana mtu katika kamati isipokuwa wewe. Ukijiuliza kila mara kama anachopewa kinastahili alasiri yake, utashangaa jinsi maamuzi mengi yanavyokuwa mepesi, na hata yale magumu utaweza kuyaeleza bila kumvunjia mtu heshima, kwa kuwa hutakuwa unasema “mimi sitaki” bali “waliokuja kusikiliza hawatafaidika”.

Mama wa makala amenigusa kuliko mwalimu, nikuambie ukweli. Ulivyomtafuta ndivyo inavyotakiwa. Mwaka 2007 TED walifanya mkutano wao Arusha, na mpangaji wa programu yake, Mnigeria Emeka Okafor, alikuwa amesoma habari za kijana wa Malawi, William Kamkwamba, aliyejenga kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na vyuma chakavu, kikawasha taa nyumbani kwao. Kijana yule hakujua kwamba mkutano huo upo. Okafor alimtafuta mpaka akampata. Na alipopanda jukwaani, akiwa na Kiingereza kidogo na woga mwingi, hawakumpa hotuba ya kukariri: mwendeshaji wa mkutano, Chris Anderson, alisimama naye akamwuliza maswali mafupi, picha za kinu zikionekana nyuma yao, naye akajibu kwa maneno machache sana. Ukumbi ulisimama kumshangilia. Miaka miwili baadaye alirudi kwenye jukwaa la TED, safari hii Oxford, akaeleza habari yake mwenyewe kuanzia mwanzo. Hiyo miaka miwili haikuwa ya kupotezwa. Ilikuwa nafasi ya mtu kukua hadi aweze kusimama peke yake.

Linganisha na mlivyomfanyia mama yule. Mlimpenda kwa jinsi anavyohesabu, kisha mkamnyang'anya hesabu yake mkampa aya. Nasema “mlivyomfanyia” ingawa wewe ulipinga, kwa kuwa yeye hajui habari za kura zenu. Anajua tu kwamba vijana wa chuo walimwita wakamwaibisha. Huyu angehitaji gunia tupu, fungu dogo la makala, mtu wa kumwuliza “na hapa bei inakuwaje?”, na dakika zake 12. Mazoezi yake yangefanyika palepale kibandani, wewe ukimrekodi kwa simu kwa ruhusa yake, kisha ukimrudishia sauti yake mwenyewe: hapa uliposema hivi tulicheka, hapa uliporukia bei ya lori tulipotea, anza na mchomaji. Mtu wa aina hiyo hafundishwi maneno mapya. Hupunguziwa yale yasiyohitajika, basi, na hata hilo lifanywe kwa mkono mwepesi, kwa sababu mazoezi yakizidi, yale yaliyomfanya apendwe huondoka kwanza.

Kuhusu lugha, nashangaa kwamba jambo hili lilihitaji kura. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika ibara ya kwanza kabisa, inakitaja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na inazitaja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa ambazo serikali inapaswa kuziendeleza. Hakuna sheria inayofunga mlango wa ukumbi wa chuo kwa Kiswahili. Wazee wa mji huu bado wanamkumbuka Mufwankolo na kundi lake, ambao maigizo yao kwa Kiswahili cha Lubumbashi yaliwakusanya watu mbele ya redio na televisheni, wasomi na wasiosoma wakicheka mahali pamoja. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba wangeeleweka vizuri zaidi kwa Kifaransa. Mtu wa mbali anayetaka kuelewa video atawekewa maandishi chini ya picha, kazi ambayo mwanafunzi mmoja mwenye kompyuta anaweza kuifanya kwa siku chache. Kila msemaji aseme kwa lugha anayoitumia kuhesabu fedha zake. Ikiwa ni Kifaransa, sawasawa. Profesa wa sheria asilazimishwe kujitesa kwa Kiswahili ili aonekane wa watu.

Kuna deni moja ambalo lisingoje mwakani. Nenda Katuba pamoja na mjumbe mmoja wa kamati, ikiwezekana mmojawapo wa wale walioshinda kura, mnunue makala kama wateja wengine, kisha mumwambie kwamba uamuzi wa Kifaransa ulikuwa wa kamati na kwamba yeye hakukosea. Mwulizeni pia kama anataka video yake ibaki mtandaoni. Akisema iondolewe, iondolewe siku hiyohiyo, bila kumshawishi. Mtu aliyekubali kusimama mbele ya watu mia kadhaa alasiri moja hakukubali kuonwa akisahau maneno na kila mtu mwenye simu, miaka yote. Akisema angependa kujaribu tena kwa namna yake, utakuwa umempata msemaji wako wa kwanza.

Mfanyabiashara ni rahisi kuliko unavyodhani, mradi usichelewe kumjibu. TED wana mpango unaoitwa TEDx, ulioanza mwaka 2009, ambao huwapa wenyeji wa mji wowote leseni ya bure ya kuandaa mkutano wao wenyewe, na masharti yake yako wazi: msemaji halipwi wala halipii nafasi, jukwaani hakuuzwi bidhaa, na mfadhili hana sauti katika kuchagua wasemaji. Shughuli yenu haina leseni hiyo, lakini hakuna anayewakataza kujiwekea masharti kama hayo. Yaandikeni leo, yapitishwe na kamati nzima, ndipo umjibu mfadhili. Ukiyaandika baada ya kumjibu, atajua kwamba yametungwa kwa ajili yake.

Na maneno ya kumwambia unayo tayari nyumbani kwenu. Mahari inapopelekwa, kila familia humtafuta msemaji wake, naye huchaguliwa kwa kuwa ana ulimi na busara. Mjomba aliyetoa ng'ombe au dola nyingi kuliko wote huketi kando akasikiliza, na wala hajioni amedharauliwa, kwa kuwa alipoingia mlangoni kila mtu alimsimamia. Mwambie mzee huyo hivyo, uso kwa uso, mkiwa na mlezi wenu: jina lake litakuwa kwenye ratiba na kwenye bango la mlangoni, atashukuriwa kwa sauti mwanzoni, kiti chake kitakuwa mbele, na anakaribishwa kuomba nafasi kama mtu mwingine yeyote akiwa na jambo la kuwafaa wasikilizaji. Usilisahau hilo la mwisho. Mtu aliyejenga biashara hapa mjini huenda ana jambo kubwa la kusimulia, pengine jinsi alivyopoteza mzigo barabarani akaanza upya, na jambo hilo likawa na thamani kuliko hotuba tatu za ujasiriamali. Tangazo la kampuni ndilo lisilo na nafasi. Akikasirika akaondoka na fedha zake, viti vitaazimwa parokiani na tukio litakuwa dogo kidogo. Nami ningependa mwakani mtafute wachangiaji wengi wadogo, duka la dawa, mpiga picha, mwenye kiwanda cha uchapishaji, ili pasiwepo mmoja ambaye akikohoa kamati nzima inaugua.

Kama ukubali au usikubali? Kubali, ukipewa mambo mawili kwa maandishi: mlezi niliyemtaja, na mtu mwingine wa kushughulikia ukumbi, umeme, viti na chakula, ili wewe ubaki na wasemaji tu. Usipoyapata, kataa bila kuona haya na umalize kazi yako ya masomo. Baba yako amesema kweli kuhusu cheti, nami sitabishana naye. Mwonyeshe tu barua utakayoiandika kwa mfanyabiashara kabla ya kuituma. Yeye ni mtu mzima wa mji huu, anajua jinsi mkubwa anavyosomwa, na huenda akakurekebishia sentensi mbili.

Jambo dogo la mwisho, kwa huyo atakayeshika ukumbi. Ikiwa paa ni la mabati, tarehe isiwekwe kati ya Novemba na Machi. Mvua ya Lubumbashi ikianza juu ya mabati, hakuna kipaza sauti kitakachoishinda, na hapo hata msemaji aliyeheshimu dakika zake atalazimika kungoja. Jenereta nayo iwekwe nyuma ya jengo, mbali na madirisha, na mafuta yanunuliwe siku iliyotangulia, ya saa mbili zaidi ya mnazozihitaji.